Neno la Mshindani

Mfanyabiashara akilaumiwa hadharani na mshindani wake, aghalabu huuliza kwanza: "Nani asemaye?" Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Hasimu aweza kusema kweli kwa nia mbaya, na rafiki aweza kusema uongo kwa nia njema. Nia ya msemaji hutufunza kumsikiliza kwa hadhari. Haitupi ruhusa ya kuziba masikio.

Mfano wa jambo hili umo katika biashara ya korosho, toka pwani ya Kilwa na Lindi hata Liwale. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na tangu 2007 korosho za kusini zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo: mkulima hupeleka mazao yake kwenye chama cha ushirika, yakapimwa, yakawekwa ghalani, kisha yakauzwa kwa mnada. Ushirika huwashutumu wanunuzi wanaopita nje ya mnada kwamba hununua kwa kangomba, yaani kwa kipimo kisicho halali na kwa bei ya chini, wakitegemea dhiki ya mkulima. Wanunuzi hao nao husema kwamba wao hulipa papo hapo, hali fedha za ushirika huchelewa na makato yake ni mengi.

Kila upande una maslahi yake. Hata hivyo, kila upande umesema neno lenye kweli. Kangomba humpunja mkulima, na malipo ya ushirika yamepata kuchelewa na kupungua. Aprili 2013, huko Liwale, hasira ya wakulima juu ya malipo ya korosho ilifika hadi kuchoma nyumba moto.

Basi ushirika ukiambiwa, "Mnachelewesha fedha," nao ukajibu, "Nanyi mnapunja kwa kipimo chenu," yamkini umesema kweli, lakini haukujibu. Kosa la jirani halifuti kosa langu. Tena jibu hilo limepelekwa kwa asiyelidai. Anayelidai ni mkulima, ambaye amekwisha kutoa gunia lake na anangoja ada ya shule ya mwanawe.

Yuko atakayesema kwamba kunyamaza ni hekima. Mbele ya tusi, naam. Mbele ya shtaka linalohusu mali ya watu, kunyamaza ni kukimbia. Shtaka la uongo na lijibiwe kwa daftari lililo wazi: uzito, bei ya mnada, kila kato na sababu yake, na siku ya malipo. Shtaka la kweli na likubaliwe, kisha kosa litengenezwe, ijapokuwa mshindani atafurahi.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mshindani hutuona kutoka nyuma, na kwa kuwa hatupendi, haachi kutazama. Ni mkaguzi asiyedai mshahara; kumpuuza kwa sababu ya uadui wake ni hasara tunayomlipisha mkulima.