Mlinzi wa Mali ya Watu

Twauliza: azuiaye fedha ya serikali isitoke ovyo, je, ni mwaminifu ama ni bahili?

Tumtazame Ole Gabriel Ueland wa Norwei, aliyezaliwa mwaka 1799. Angali kijana alifundisha watoto, kisha akawa mkulima katika shamba la Ueland, nalo ndilo lililompa jina. Elimu kubwa hakuipata. Lakini tangu 1833 hata 1869 wakulima walimpeleka Bungeni, naye aliishika katiba ya 1814, na kila matumizi aliyapima, maana alijua kodi hutoka katika jasho la nani.

Yuko atakayesema, Mkono uliofumbwa haujengi. Ni kweli, ubahili ni uovu. Bali bahili hulinda cha kwake. Ueland alilinda cha wengine. Wala hakuishia kukataa tu: mwaka 1837 zilipitishwa sheria alizozipigania, kila mji na kila wilaya ya mashamba ijichagulie baraza la kutazama mambo yake.

Basi twasema, kipimo si kubana wala kutoa. Kipimo ni hiki: mali ni ya nani, na mwenyewe amesikilizwa?