Miezi 12 ya Albie Sachs

Husemwa kwamba ndoa za jinsia moja ziliingia Afrika Kusini kwa amri ya majaji. Si uongo, ila ni nusu ya habari.

Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba iliwapa haki wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja tangu 1994 bila sheria kuwatambua. Hukumu iliandikwa na Albie Sachs, yule aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu mjini Maputo mwaka 1988. Katiba ya 1996 ilikuwa imeshakataza mtu kubaguliwa kwa mwelekeo wake wa kimapenzi, kwa hiyo matokeo hayakushangaza sana. Ajabu ilikuwa muda. Bunge lilipewa miezi 12 kurekebisha sheria; likishindwa, marekebisho ya mahakama yangeingia yenyewe kwenye Sheria ya Ndoa. Jaji Kate O'Regan hakuafiki hapo: kwake, mahakama ilipaswa kurekebisha siku ileile.

Ningekuwa mmoja wa wale wanawake ningemuunga mkono O'Regan bila kusita. Lakini namwelewa Sachs. Uamuzi wa majaji peke yao ni rahisi kuurushia mawe, maana jaji hapandi jukwaani kujitetea. Kule Iowa, Marekani, majaji saba waliruhusu ndoa hizo kwa kauli moja mwaka 2009. Mwaka uliofuata watatu kati yao, ambao zamu yao ya kupigiwa kura ilikuwa imefika, waling'olewa na wapiga kura.

Afrika Kusini ilibidi wabunge watie mikono yao wenyewe. Walizunguka majimboni kusikiliza maoni, na mengi waliyoyasikia yalikuwa ya kupinga, ya viongozi wa dini na ya machifu. Tarehe 14 Novemba 2006 muswada ukapita kwa kura 230 dhidi ya 41. (ANC, chama kilichokuwa kikitawala, haikuwaachia wabunge wake wapige kura kwa dhamiri, tusilisahau hilo tunapoisifu demokrasia ile.)

Kenya mwaka 2023 mambo yalikwenda kombo kwa namna tofauti na Iowa. Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilisema tu kwamba shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja halikupaswa kunyimwa usajili. Wanasiasa wakajibu kuhusu ndoa, ambayo haikuwa mbele ya mahakama hata kidogo.

Wabunge wa Afrika Kusini walau walijibu walichoulizwa, ingawa kwa ujanja. Kifungu cha 6 cha sheria yao kilimruhusu afisa wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizi kwa sababu ya dhamiri. Mamia wakakitumia. Watu wanafika dirishani, wameshinda mahakamani na bungeni, wanaambiwa wajaribu ofisi nyingine. Kifungu kilifutwa mwaka 2020, tena kwa muswada wa Deidre Carter, aliyekuwa mbunge wa COPE, chama kilichokuwa na viti 3 alipouwasilisha.