Vipepeo Uani kwa Bibi

 

Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa kwa Paroko pale Bunda ninapofanyia mwaka wa uchungaji, nikaenda Butiama kumsalimia bibi. Bibi, kama bibi zetu wengi, huniita "mume wangu", na tangu niingie seminari analalamika kwamba nimemwacha kwa ajili ya Kanisa. Safari hii hakutania. Tulikuwa tumekaa uani, mimi namenya mihogo, akaniuliza: "Frateri, imebaki miaka mingapi?" Nikamwambia teolojia ni miaka minne. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akasema: "Sitafika."

Jamani, nina digrii ya falsafa na sikuwa na jibu. Niwaambie ukweli: mwaka huu wito wangu umeyumba. Kilichokuwa kinanishikilia ni picha moja tu kichwani: bibi amekaa benchi la mbele kanisani Musoma, siku ninapopewa upadre. Sasa bibi akiondoka kwenye hiyo picha, nabaki na nini?

Wakati huohuo vipepeo walikuwa wanapita. Si mnawajua wale weupe, wengine wana unjano kwa mbali? Mvua za vuli zikianza wanapita wengi, wote wakielekea upande mmoja, kama waliopigiwa kengele. Wachache walitua kwenye mjohoro alioupanda marehemu babu. Bibi akasema, "Hawa hawachoki. Walikuwa wanapita tangu mimi msichana."

"Si walewale, Bibi. Kipepeo kama huyu anaishi wiki chache tu."

Nikamweleza kwamba wanafuata mvua, kwa sababu mvua inaleta majani mapya. Wanataga mayai kwenye majani ya mimea ya jamii ya mjohoro, kisha wanakufa. Viwavi wanakula hayo majani, wanageuka vipepeo, nao wanaruka kuendelea. Nikamsimulia pia wale wa Marekani, wanaoitwa monarch. Baridi ikikaribia wanatoka Kanada na Marekani kwenda milima ya Michoacán, Meksiko. Wanafika karibu na Novemba 2, siku tunapowaombea marehemu wote, na watu wa huko huwahusisha na roho za wapendwa wao. Lakini kurudi kaskazini huchukua vizazi vitatu au vinne. Anayefika siye aliyeondoka.

Bibi akafikiri. "Sasa huyo anayefika, njia alionyeshwa na nani?"

"Hakuna aliyemwonyesha, Bibi. Anazaliwa nayo."

"Basi," akasema, "na wewe unadhani nilikuwa nasali rozari ili nikae benchi la mbele?"

Nilibaki na muhogo mkononi.

Soma Waebrania 11:13. Mwandishi anawataja mababu wa imani ambao walikufa bila kupokea walichoahidiwa. Walikiona kwa mbali wakakifurahia. Soma pia Kumbukumbu la Torati 34: Musa anaionyeshwa nchi yote akiwa mlimani, na hapohapo anafariki. Hakushindwa. Sehemu yake ya safari ilikuwa imekamilika.

Hata kwetu Mara ni hivyohivyo. Wamisionari wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Jimbo la Bunda limezaliwa mwaka 2010. Hesabu mwenyewe ni wangapi kati yao, na makatekista waliotembea nao kwa miguu kijiji hadi kijiji, waliishi kuiona siku hiyo. Mimi na wewe tulibatizwa na safari ya watu ambao hawakufika.

Darasani nilijifunza kwamba kila tendo lina lengo lake. Sikuwa nimeelewa kwamba lengo linaweza kuwa refu kuliko maisha ya anayetenda.

Labda wewe ni kiongozi wa VIWAWA, umehangaika miaka mitatu na Jumapili wanakuja watu sita. Labda unamwombea baba aache pombe na huoni dalili. Labda umesomesha wadogo zako huku ndoto zako zimelala kabatini. Sisemi haiumi. Inauma, na bibi alivyosema "Sitafika" aliumia pia, niliona. Ila usiache kuruka kwa sababu tu hutauona mwisho. Taga mayai yako kwenye jani lililo mbele yako leo.

Mimi bado sijajibiwa maswali yangu yote. Ila nimeandika barua ya kuomba kuendelea na teolojia, na safari hii sikumwandikia bibi.

Wiki hii, fanya jambo moja: taja kwa jina marehemu mmoja aliyekuombea, umwombee.

Tusali: Ee Bwana, wewe ndiwe njia na mwisho wa njia. Utupe moyo wa kupanda tusipovuna, na uwapokee kwako waliopanda kwa ajili yetu. Amina.