Hela ya Marehemu ni ya Nani?



Mwaka juzi, wiki chache kabla ya Novemba, mimi na binamu yangu tulikuwa tunachimba udongo wa tofali shambani kwa mjomba, huku kwetu Kabanga. Tulipofika kina cha kiuno, jembe likagonga kitu kigumu. Tukatoa maganda manne ya risasi yaliyogeuka kijani, kipande cha bakuli la bati, na sarafu moja. Chini kidogo tukaona mfupa. Binamu akasema ni wa ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeshaona meno, nikanyamaza.

Habari haikukaa. Jioni akafika jamaa na pikipiki, hatumjui, akaiangalia sarafu kwa mbali na kusema ni rupia ya Mjerumani. Hadithi hizi wengi wenu mnazijua: eti rupia halisi inavuta mchele, eti ukiishika kwa mkono mtupu nguvu zinatoka, eti ilipo moja lipo na sanduku. Akaahidi laki tano kwa ile sarafu na mamilioni tukiendelea kuchimba, ila usiku. Usiku! Mwenye biashara ya halali anaogopa nini mchana?

Nisijifanye mtakatifu, nilitamani. Binamu alitamani zaidi, maana mama yake alikuwa amelazwa na bili inaongezeka kila siku. Akaniuliza: "Huyu marehemu hela ataifanyia nini? Tukiichukua tunamkosea nani?" Swali hilo ndilo linaloniandikisha leo.

Usiku ule niliiosha sarafu kwa maji tu. Wakusanyaji wa sarafu hawasugui, kusugua ndiko kunakoharibu. Upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini kabisa T ndogo. Upande wa pili: 20 HELLER. Hapo jina la kitu likapatikana. D.O.A. ni Afrika Mashariki ya Kijerumani, T ni Tabora. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, fedha kutoka Ulaya haziji, basi Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora. Walitoa na ya dhahabu, rupia 15, yenye picha ya tembo. Hizo zilikuwa kama 16,000 tu, ndizo adimu kweli, na ndizo zinazoghushiwa. Hela ishirini zilipigwa zaidi ya milioni moja. (Ndiyo, neno letu "hela" limetoka kwenye Heller hiyohiyo. Kila siku mnamtaja Mjerumani mkiomba nauli.)

Kwa hiyo sarafu yetu haikuwa na nguvu yoyote, na laki tano haikuwa bei yake. Kesho yake jamaa akapiga simu: tumtumie elfu themanini ya "dawa ya kufungua shimo". Nikaelewa nani alikuwa anauziwa.

Maganda nayo yana habari yake. Yetu yalikuwa manene, ya aina ya zile bunduki kuukuu za Mauser za mwaka 1871, ambazo askari wengi wa Mjerumani walianza nazo vita. Zilitoa moshi mzito, mpigaji akajulikana alipo. Yetu yalikuwa matupu. Ukikuta yenye risasi ndani, au kitu kama bomu, usikiguse, ita polisi. Na kuchimba mali kale bila kibali hakuruhusiwi. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964.

Lakini kilichonisumbua ni lile jina. Kijiji kizima kilisema "kaburi la Mjerumani". Mjerumani gani? Katikati ya 1916 majeshi ya Wabeligiji yaliingia upande wetu. Julai 26 Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen, meli tunayoiita leo Liemba, kisha Kigoma ikaachwa. Septemba 19 Tabora ikatekwa. Hao "Wabeligiji" wengi wao walikuwa askari Wakongo. Askari wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Nyuma yao wapagazi, wengi wakikamatwa vijijini kwa nguvu, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ile Sanamu ya Askari ya 1927 maandishi yake yanawataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki.

Na hela iliyopigwa Tabora ilifikaje Kabanga? Kuna mtu aliibeba, na huenda alikuwa anarudi kwao.

Katika Biblia, upanga wa Goliati ulitunzwa Nobu, umefungwa kwa nguo nyuma ya efodi, na kuhani alijua ulikuwa wa nani. Akani naye alifukia nyara za Yeriko chini ya hema lake. Vyote ni vitu vya vita. Sioni dhambi katika kukusanya. Naona tofauti kati ya anayetaka kujua kitu kilikuwa cha nani na anayetaka tusijue. Nikamwambia binamu kwamba tukiuza kwa hadithi ya rupia ya uchawi, kwanza tunasema uongo, pili tunamfuta yule mtu mara ya pili. Akanijibu, "Ukweli wako haununui dawa." Sikuwa na jibu. Jumuiya ilimchangia shangazi, haikufika hata nusu ya bili. Tulimalizia kwa kuuza tofali, miezi mingi.

Tuliwaita mwenyekiti wa kitongoji na katekista. Mifupa ikazikwa pembeni ya shamba, kama Tobiti alivyowazika wenzake waliotupwa nje ya kuta za Ninawi. Msalaba ulileta ubishi. Wazee walisema hatujui dini yake, huenda alikuwa Mwislamu. Katekista akakubali, akasali, tukapanda mti.

Sarafu ipo kwa mjomba, kwenye kikopo cha dawa. Binamu bado anasema tungeiuza, hata kwa bei yake ya kweli, na siku nyingine naona ana hoja. Ila Novemba 2, tulipokuwa tunajaza bahasha ya majina ya marehemu, mimi niliandika "askari". Akaninyang'anya kalamu. "Na bakuli je? Bakuli ni la mpagazi." Tukabishana hadi kengele ya kwanza. Mwishoni akakata neno langu, akaandika: "Aliyetoka Tabora."