Kula Ujana, au Kuuza Leo kwa Kangomba

Kwenye Kiswahili chetu ujana ni chakula. Tunasema fulani "anakula ujana", na mara nyingi tukisema hivyo hatumsifii. Kitenzi ni kilekile tunachompa aliyekula rushwa, aliyekula mtaji, aliyekula ada ya mtoto. Yaani kuna kitu kilikuwa sahanini, kimeliwa, kimeisha, na kesho mtu atakuja kuuliza kilienda wapi.

Tuna methali mbili za kujibu, na kila mmoja huokota inayomfaa. Mmoja anasema ponda mali kufa kwaja. Mwingine anasema akiba haiozi. Mimi nataka kuuliza swali lililo katikati ya hizo mbili. Mtu na mkewe, vijana, wanafanya kazi yao vizuri, halafu wikiendi wanacheza mpira, wanatembelea marafiki, wanatoka. Je, kuna mtu wanamkosea?

Swali hili sikulitoa hewani. Kuna wanandoa wawili ninaowafahamu, majina yao tuyaache. Mume ni mwalimu wa sekondari Nachingwea, mke ni muuguzi Ruangwa. Ndoa ina mwaka wa tatu, na uhamisho wa kuwaweka wilaya moja wanausubiri tangu mwaka wa kwanza. Kila mmoja amepanga chumba chake. Ijumaa jioni, kama mke hana zamu, mmoja anafunga begi na kumfuata mwenzake.

Jumamosi ni michezo. Mke anacheza netiboli na watumishi wenzake, mume ni beki wa timu ya mtaani ambayo jezi zake zimefuliwa mpaka namba hazisomeki. Mechi ikiwa Uwanja wa Majaliwa, wanakwenda kuishangilia Namungo wakiwa na marafiki watano au sita, halafu mishikaki, halafu ubishi wa mpira mpaka saa nne usiku. Siku nyingine wanapanda pikipiki hadi Ndanda, chini ya ukingo wa milima ya Makonde, wanaizunguka abasia ya Wabenediktini, wanapiga picha, wanarudi. Jumatatu alfajiri mmoja yuko barabarani na vumbi lake, saa moja na nusu yuko kazini. Ndiyo maisha yao. Hayana siri wala kashfa.

Mwaka jana mwezi wa saba mjomba wa yule mume akaitisha kikao. Kwa Wamwera ukoo unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akikuita huulizi agenda. Mzee alianza kwa upole. "Mjomba, sijakuita kukugombeza." Halafu akahesabu kwa vidole: nauli za kila wiki, viingilio vya mpira, jezi, mishikaki. Kiwanja mnacho, akasema, tofali hata moja hamjafyatua. "Mtacheza mkishajenga."

Mke alijibu akiwa ameinamisha macho, kwa heshima zote: "Sawa mjomba. Lakini tukiacha kukutana, hiyo nyumba tutamjengea nani?"

Mzee akanyamaza kidogo, akasema hayo ni maneno ya vitabuni.

Sasa, ni rahisi kumfanya mjomba huyu kuwa mkoloni wa hadithi. Haitakuwa haki. Mzee ni mkulima wa korosho, na korosho zake ndizo zilizomsomesha huyo mwalimu. Miaka ambayo yeye mwenyewe angekula ujana, alikuwa anapalilia. Kwa hiyo hoja yake haihusu matofali tu. Anasema: furaha yenu ililipiwa na mtu aliyeahirisha ya kwake, na nyinyi mnaitumia kana kwamba mliiokota njiani. Hiyo ni hoja nzito, nami sitaki kuiruka.

Tuangalie kwanza kikao kilikaa msimu gani. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba Ulaya kuna majira ya kuchipua. Huku kusini hatuna jina hilo, lakini kitu chenyewe tunacho. Mvua zikishakatika na baridi ya Juni ikaingia, mikorosho inatoa majani mapya na vimaua vidogo vyenye harufu tamu. Mashine za kupulizia salfa zinanguruma asubuhi kuzuia ubwiriunga. Ni msimu wa ngoma, jando na unyago, na Agosti ikifika watu wanasubiri ligi ianze. Barabara ni kavu, hewa ni nzuri, watu wanatembeleana.

Na ndio msimu ambao mwenye korosho hana hela. Mwenye ufuta walau ameshauza. Mwenye korosho anangoja minada ya Oktoba na kuendelea. Hapo ndipo kangomba inapoingia. Kwa msomaji asiyeijua: mnunuzi anakupa pesa leo ukiwa na shida, mikorosho ikiwa bado maua, na msimu ukifika unamlipa korosho kwa hesabu aliyoipanga yeye. Serikali imeipiga marufuku, na inaendelea kwa sababu shida nazo zinaendelea.

Nadhani mjomba anawaona hawa vijana kama watu waliouza maisha yao kangomba. Wamechukua utamu wa Julai, Novemba watakuwa mikono mitupu. Wapo vijana wa namna hiyo kweli, tunawajua, na wengine ni ndugu zetu. Ila kuna kangomba nyingine ambayo hakuna anayeipiga marufuku, nayo ni kuuza leo yako kwa bei ya kutupa ili ununue kesho usiyoijua bei yake. Mtu anasema nitampenda mke wangu tukishahamia, nitawatembelea rafiki zangu nikishapaua, nitacheza nikishamaliza mkopo. Ameuza. Kilichobaki ni kungoja mnada.

Na minada tunaijua. Novemba 2018 Rais Magufuli aliamua Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba. Bei ilitangazwa, watu wakapiga hesabu za mabati, halafu ukaja uhakiki, na wapo waliosubiri malipo yao miezi mingi. Hao walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa, walipalilia na walisubiri.

Nachingwea kama mji ingeweza kutufundisha hilo zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea kusafirisha mavuno ambayo yalikuwa bado kwenye makaratasi. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Sisemi watu wasipange. Nasema mji huu umekwisha kuona kesho iliyopigiwa hesabu mpaka ya mwisho na bado haikuja.

Kwa nini basi furaha ya vijana inatutia wasiwasi kuliko hesabu zao mbovu? Sisi wasomaji wa fasihi tuna sehemu yetu ya lawama. Hebu pitia rafu yako ya riwaya. Kwenye *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya 1971, Rosa anatoka kwenye ukali wa baba yake, anaonja uhuru, na mwisho anajiua. Kwenye *Kichwamaji* ya 1974 Kazimoto anamwoa Sabina, na hadithi inaisha kwa risasi. Kwenye *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, Maimuna anakimbia kifungo cha nyumbani na kuangukia danguroni. Ni vitabu vikubwa, sibishi. Lakini nitajie riwaya moja ambayo mume na mke vijana wanakwenda mpirani Jumamosi, wanarudi wakicheka, na sura inayofuata hakuna anayekufa. Tumezoea kuisoma raha kama dalili, kama kikohozi cha mgonjwa kwenye sinema. Ukikisikia tu, unajua huyu hamalizi.

Najua jibu litakuja: raha ni ya waliomaliza mapambano, wilaya zetu bado zinapambana. Basi tuzungumze mapambano. Hapo hapo Nachingwea, Farm 17, FRELIMO walikuwa na kambi yao. Mwaka 1967 kikosi cha kwanza cha wanawake wao kilipata mafunzo ya kijeshi huko, na mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, msichana aliyekataa nafasi ya kusoma Uswisi ili abaki kwenye harakati. Mei 1969 aliolewa na Samora Machel kule Tunduru, mtoto wao akazaliwa Novemba mwaka huohuo. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina alifariki Dar es Salaam akiwa na miaka 25. Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975.

Ukifuata kanuni ya "mtaishi mkishamaliza", hawa wawili hawakupaswa kuoana kabla ya 1975, na Josina asingekuwa na chochote. Walioana vita ikiwa kali, wakijua kabisa walikuwa wapi. Sidhani kuna anayeweza kusimama leo na kusema ile harusi ya Tunduru ilipunguza mapambano. Tena kazi ya Josina ilikuwa kulea watoto wa vita, vituo vyao vilikuwa chini yake. Aliyefahamu jambo la dharura kuliko yeye ni nani? Na bado alipata nafasi ya kuwa mke na mama.

Aristotle, kwenye kitabu chake cha maadili, anasema marafiki hutaka kuishi pamoja kwa kile wanachokipenda: wengine hunywa pamoja, wengine hucheza kete, wengine hufanya mazoezi na kuwinda, wengine hujadili falsafa. Ninachokipenda hapo ni kwamba netiboli na falsafa zimekaa sentensi moja. Urafiki hauna ghala la kuutunzia mpaka uwe na nafasi. Unaishi pale unapotumika. Akiba ya pesa haiozi, sawa, lakini akiba ya mapenzi inaoza haraka sana. Waulize watumishi wangapi waliokaa mbali na wenzao miaka mitano "kwa ajili ya familia", wakarudi kwenye nyumba iliyopauliwa vizuri ambayo ndani yake hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo kitenzi chetu kinatupotosha. Mkate ukiliwa unaisha. Lakini Jumamosi za hawa wawili zinazaa kitu: uvumilivu wa kungoja uhamisho bila kutafuta mtu mwingine, mashabiki sita watakaokuja mmoja wao akilazwa, na muuguzi anayeingia zamu ya Jumatatu bila kuwafokea wagonjwa. Hicho cha mwisho mimi nakihesabu kabisa kama mchango kwa umma.

Mipaka ipo. Mimi naiweka kwa swali moja: nani amelipa? Kama kiingilio cha mpira kimetoka kwenye dawa za mama, au mtoto amerudishwa shule kwa ada, hapo sasa unakula, na unayemla ni mtu. Kama kimetoka kwenye jasho lako, baada ya kumtazama anayekutegemea, hujamwibia yeyote. Hata Mwalimu Nyerere aliyependa kutukumbusha kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe, hakusema siku zile mbili za kwanza zilikuwa wizi.

Inabaki hoja ya mjomba kuhusu deni. Deni lipo, wala lisikanushwe. Ninachobisha ni namna ya kulilipa. Aliyelala njaa ili mtoto ale hatafurahi kumkuta mtoto naye amelala njaa kwa heshima yake. Alifanya vile ili zamu ya njaa iishie kwake. Mwalimu akijinyima Jumamosi zake ili afanane na mjomba, atakuwa amepoteza kile hasa mjomba alichokinunua kwa miaka yote ile ya jembe. Zuri zaidi ni kumpelekea mzee hela ya salfa kwa wakati, Juni, ili asilazimike kupiga hodi kwa mtu wa kangomba. Na mechi ikiwepo, mfuateni na pikipiki, mumlipie kiti. Huenda akakataa. Mwombeni tena msimu ujao.

Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, jina lililoshonwa kwa silabi za mwanzo za wilaya hizo. Rafiki zangu hupenda kutania kwamba ndoa yao nayo iko hivyo, nusu huku nusu kule, imeungwa kwa nauli. Mpaka naandika haya uhamisho haujatoka. Matofali wameanza kufyatua, machache, mwisho wa mwezi. Na Ijumaa hii, mikorosho ikiwa imechanua barabara nzima, ni zamu ya mume kusafiri.