Kitanzi Kilichoponyoka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad.

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa Nyakahanga katika Karagwe ni nchi ya milima, asubuhi zake zina baridi, na fulana ya sufi huhitajiwa. Mwenye kuifuma, kitanzi kikimponyoka, hukifuata kwa sindano mstari kwa mstari hata kirudi mahali pake. Lakini akikosa hesabu ya vitanzi vya mwanzo, hana budi kufumua mpaka penye kosa; akilificha, nguo yote hupindika.

Na sala ni vivyo hivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyesahau atahiyatu ya kwanza, akiisha kusimama sawasawa, harejei. Husujudu sijida mbili kabla ya salamu. Bali aliyesahau nguzo, kama rukuu, sijida hizo hazimtoshi: lazima ailete.

Basi aliyepunja mizani, istighfari peke yake haimtoshi, ila arejeshe mali kwa mwenyewe. Wala asikate tamaa akaiacha toba. Katika Suratu Nnahl, aya ya 92, mvunja ahadi amefananishwa na mwanamke aliyefumua uzi wake baada ya kuusokota.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kutengeneza kabla ya mauti. Amin.