Mumeo Akikualika Kula Palipokuwa Baa



Katika vituo vyetu vya biashara, kando ya barabara ya Kericho kwenda Litein na Kaplong, na hata Bomet, wapo wenye baa walioona heri kugeuza biashara. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilizuia baa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, kisha Machi 2024 serikali ikatangaza msako mkali wa pombe haramu. Basi mtu anaondoa ule wavu wa chuma mbele ya kaunta, anapaka ukuta rangi, anaanza kuuza nyama choma, ugali, mursik na chai. Baa imekuwa hoteli. Meza ni zilezile.

Sasa fikiri juu ya mume aliyekunywa pesa za majani chai katika nyumba hiyo kwa miaka, na ambaye ameacha pombe, tuseme miezi saba iliyopita. Jumamosi jioni anamwambia mkewe, "Mama Chebet, vaa vizuri, leo hupiki." Kumbe anampeleka palepale. Mama anafika mlangoni, miguu inakataa. Alikwisha kusema amemsamehe. Je, anakosa asipoingia?

Akina baba wengi watajibu kwamba anakosa. Watakukumbusha mwana mpotevu: baba alichinja ndama, na aliyebaki nje kwa hasira ni kaka mkubwa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini tuitazame vizuri. Kaka yule aliambiwa kwamba mali yote ya baba ni yake. Hakulala njaa hata siku moja. Mama huyu alirudishiwa watoto kutoka shuleni kwa sababu ya karo. Tena, angalia ni nani aliyetoka nje kwenda kumbembeleza. Ni mwenye karamu mwenyewe. Hakutuma mtu kumwamuru aingie.

Mimi naona Zakayo anatufaa zaidi. Yesu alikula kwake kabla hajarudisha hata senti, ni kweli. Lakini Zakayo hakuishia kufurahia mgeni. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hata katika Sakramenti ya Kitubio, pamoja na majuto na maungamo, kuna malipizi. Padre akikuondolea dhambi, bado anakupa la kutenda. Baba, kilo moja ya nyama si malipizi. Mkeo ana haki ya kujua pesa zilikwenda wapi, na deni gani lingali dukani.

Zamani wazee wa Kikipsigis walikunywa pombe ya wimbi nyumbani, wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sisemi kila kitu kilikuwa chema. Ila mama aliyeipika alijua ni wimbi kiasi gani limetoka ghalani. Baa ndiyo iliyotufundisha kuficha hesabu. Na mwaka 2025, bonasi ya upande wetu ilipotoka ndogo na wakulima wakalalamika kila mahali, nyumba iliyokuwa imenywa akiba yake iliumia mara mbili.

Kusamehe ni jambo ambalo mama anaweza kulifanya leo, mbele ya Mungu, kwa neema yake. Kuamini tena ni kazi nyingine, nayo haiharakishwi. Wewe unayepogoa michai kila baada ya miaka 3 au 4 unajua kwamba kwa miezi kadhaa hakuna cha kuchuma. Hakuna mkulima anayesema mchai umemnunia. Mbona kwa mkeo huna subira hiyo?

Nanyi akina mama, nasema nanyi pia, kwa sababu nimeona nyumba ambazo kosa lililokwisha ungamwa limewekwa kama fimbo nyuma ya mlango. Oktoba ikifika na bonasi ikilipwa, fimbo inatolewa, mbele ya watoto. Kusita mlangoni ni haki yako. Kumfanya mumeo alipe kila mwaka deni ambalo umesema umelifuta ni jambo jingine, na hilo lipeleke kwenye kitubio chako mwenyewe.

Basi, baba, kabla ya Jumamosi mwambie waziwazi unakotaka kumpeleka. Usimtegee. Kaeni kwanza nyumbani na daftari la majani, mwonyeshe malipo ya mwezi na unachodaiwa. Halafu muulize. Na mkifika pale mlangoni akasema, "Baba Chebet, leo sitaweza," mshike mkono mwende mbele kidogo mkanywe chai kwingine. Nyama itachomwa tena Jumamosi ijayo.